Iqbal Ugenini

Kila nionapo kijana akifunga sanduku kwenda kusoma ng'ambo, mimi mtunzi humkumbuka marehemu Muhammad Iqbal, mshairi wa Sialkot. Mwaka 1905 aliiacha Lahore, akasoma falsafa Cambridge na sheria London. Majira ya joto ya 1907 alikuwa Heidelberg akijifunza Kijerumani. Jioni tulivu ya mto Neckar akaitungia shairi.

Kumbe huko huko Ulaya alikusudia kuuacha ushairi, akiona kutunga hakuna faida. Rafikiye Abdul Qadir akamsihi. Wakaafikiana shauri alikate Thomas Arnold, aliyemsomesha Lahore. Arnold akamkataza kuacha.

Mwaka 1908 alirejea na shahada ya Munich, na kalamu yake ingali mkononi. Alifariki 1938, Mungu amrehemu. Ewe kijana, sanduku lisahau. Rafiki mwema usimsahau.