Walther Nernst: Mkemia aliyeweka kanuni ya kutenga asidi na maji

MVUA inyeshapo mtaani Dandora, maji meusi huchuruzika kutoka jaa kuu la taka la Nairobi, lililofunguliwa mwaka wa 1975, yakielekea Mto Nairobi. Mabaki ya vyakula yanapooza huzaa asidi za kikaboni, zikiwemo za jamii ya ile iliyomo katika siki. Kanuni inayoongoza utenganishaji wa asidi hizo na maji iliwekwa na Mjerumani Walther Nernst.

Nernst, mwana wa hakimu, alizaliwa Juni 25, 1864, mjini Briesen, ambao leo umo nchini Polandi.

Mwaka wa 1891, akiwa Göttingen, alichunguza jinsi asidi ya benzoiki inavyogawanyika baina ya maji na benzini, vimiminika visivyochanganyika. Alionyesha kuwa, kwenye joto lisilobadilika, mgawanyo huo hufuata uwiano maalumu, mradi molekuli ziwe na umbo lilelile pande zote mbili.

Kanuni hiyo ina faida kubwa. Tuseme asidi huvutwa na kimiminika mara tatu kuliko maji. Lita 1 ya kimiminika ikitiwa kwa mkupuo mmoja katika lita 1 ya maji, asilimia 25 ya asidi husalia. Ikitiwa nusu, ikaondolewa, kisha nusu ya pili ikafuata, husalia asilimia 16 pekee.

Mwaka wa 1902, Nernst na Ernst Riesenfeld walichapisha utafiti kuhusu tabaka la fenoli lililotenga maji ya pande mbili. Baadaye, mwaka wa 1968, Norman Li alipata hataza nchini Marekani ya utando wa kimiminika. Asidi hupenya utando wa mafuta, na ng'ambo hukutana na alkali inayoigeuza chumvi isiyoweza kurudi.

Nernst alituzwa Nobel ya Kemia ya mwaka wa 1920 kwa utafiti wake kuhusu joto. Hata hivyo, Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vimewaua wanawe wote wawili wa kiume. Alifariki Novemba 18, 1941, akiwa na umri wa miaka 77.

Jaa la Dandora lilitangazwa kujaa mwaka wa 2001, nalo halikujengewa sakafu ya kuzuia maji kupenya ardhini. Hesabu za Nernst zitawafaa wakazi wa kando ya mto iwapo tu maji hayo yatakusanywa kwanza, kwani utando hausafishi yaliyokwisha kuzama ardhini.