Mfahamu John Heartfield, aliyemkabili Hitler kwa mkasi na gundi

Mapema mwaka huu wanafunzi wa chuo kimoja mkoani kwetu walituletea studioni jarida lao dogo, kurasa 16 za fotokopi zilizobanwa pini. Karibu kila picha ndani yake imeharibiwa makusudi. Nyuso zimekatwa vipande, rangi zimehama mahali pake, mistari inapita juu ya maandishi kama televisheni inayoonyesha chenga. Sisi watu wa redio tunashinda siku nzima tukifukuza mikwaruzo, kwa hiyo tukawauliza kwa nini wao wanaitafuta. Wakatujibu kwamba ni mtindo mpya wa kompyuta.

Kompyuta imeurahisisha, hilo hatubishi. Lakini zaidi ya miaka 100 iliyopita, mjini Berlin, kijana mmoja alikuwa akivuruga kurasa za jarida lililoanzishwa na wanafunzi, na wakati ule mchezo huo ungeweza kumfikisha mtu gerezani.

Kijana huyo alizaliwa tarehe 19 Juni 1891 akiitwa Helmut Herzfeld. Baba yake, mwandishi mwenye siasa za kisoshalisti, alitiwa hatiani kwa kuikashifu dini, na familia ikakimbilia Uswisi, kisha Austria. Mwaka 1899 wazazi walitoweka, wakawaacha watoto wanne peke yao katika kibanda msituni karibu na Salzburg. Helmut ndiye aliyekuwa mkubwa, na alikuwa na miaka 8 tu. Meya wa kijiji aliwachukua. Baadaye Helmut alisomea usanifu wa matangazo na vitabu mjini Munich, akahamia Berlin.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza aliingizwa jeshini, akaigiza ugonjwa wa akili ili asipelekwe mstari wa mbele. Mitaani Wajerumani walikuwa wakisalimiana kwa kuiombea Uingereza adhabu ya Mungu. Yeye, mwaka 1916, akajipa jina la Kiingereza: John Heartfield. Lilikuwa ni jina lake lile lile la ukoo, likigeuzwa tu lugha.

Mwaka huo yeye na mdogo wake Wieland walitaka kutoa jarida la kupinga vita. Kibali cha jarida jipya kisingepatikana. Wakagundua kwamba kulikuwa na jarida la wanafunzi wa shule, Neue Jugend, lililokuwa limesimama lakini kibali chake kingali hai. Wakalinunua, wakaendelea na toleo la 7 kana kwamba hakuna kilichobadilika. Mwaka uliofuata walianzisha kampuni ya uchapishaji wakaiita Malik, jina walilolitoa katika riwaya ya Else Lasker-Schüler iliyokuwa ikitoka kwa mfululizo jaridani. Msomaji wetu atalitambua: ni neno lile lile la Kiarabu lililotupa sisi maliki, yaani mfalme.

Toleo la Juni 1917 ndilo tungependa wanafunzi wetu waliona. Heartfield alilipanga kwa ukubwa wa gazeti la Kimarekani, herufi nene zikigongana na nyembamba, nyingine zimelala ubavu, na katikati yake vinembo vya matangazo vilivyotoka kwenye droo za mpiga chapa. Kwa herufi za risasi, kupanga mstari ulionyooka ndiyo kazi rahisi. Kila upogo katika ukurasa ule ulikuwa na jasho lake. Nchi ilikuwa ikizika vijana wake na magazeti makubwa yakitoka yamenyooka, safi, kana kwamba mambo ni shwari.

Tarehe 15 Februari 1919 yakaja majaribio mengine: gazeti dogo lililokuwa na vichwa vya wanasiasa wa serikali vimebandikwa kwenye upepeo, kama warembo wanaoshindanishwa. Liliuzwa mitaani kwa bendi ya muziki, likapigwa marufuku papo hapo. Wieland alikamatwa muda mfupi baadaye.

Kuanzia mwaka 1930 Heartfield alifanya kazi na gazeti la picha la wafanyakazi, AIZ, na hapa mtindo wake ukageuka. Aliacha kuonyesha makovu ya mkasi. Aliagiza picha zipigwe kwa mwanga anaoutaka, akazibandika, viungo vikafunikwa kwa rangi, na uchapaji wa silinda za shaba ukazifanya zote ziwe na rangi moja ya hudhurungi. Katika picha moja ya mwaka 1932 Hitler anahutubia huku kifua chake kikionekana kama kwenye eksirei: uti wa mgongo ni sarafu zilizopangwa. Katika nyingine, mkono anaosalimia nao unapokea noti kutoka kwa jitu lililosimama nyuma yake. Jicho linaamini kwanza, ndipo akili inashtuka.

Kwa maoni yetu hapo ndipo alipokuwa hodari kuliko wengi waliomwiga. Alijua lini mpasuko uonekane na lini ufichwe.

Aprili 1933 askari wa SS walivamia nyumba yake Berlin. Aliruka kutoka kibarazani, akajificha, kisha akavuka milima kwa miguu hadi Czechoslovakia. Mwaka uliofuata picha zake zilipoonyeshwa Prague, ubalozi wa Ujerumani ulilalamika na baadhi zikaondolewa ukutani. Ujerumani ikamvua uraia. Mwaka 1938 akakimbilia London, na huko nako mwaka 1940 Waingereza wakamweka kizuizini kwa muda kama raia wa nchi adui, yeye aliyejipa jina lao.

Alirudi mwaka 1950, Ujerumani Mashariki, nchi ya chama kilichotokana na kile alichokuwa mwanachama wake tangu kuanzishwa kwake. Chama kilimshuku kwa kukaa Magharibi miaka mingi. Kwa muda mrefu hakupewa kazi ya maana, hadi Bertolt Brecht na marafiki wengine walipomtetea, na mwaka 1956 akaingizwa katika Akademi ya Sanaa. Ni haki pia kusema kwamba mkasi uliomchana Hitler haukuwahi kumgusa Stalin.

Alifariki Berlin Mashariki tarehe 26 Aprili 1968, akiwa na umri wa miaka 76, akazikwa katika makaburi yale yale alikolala Brecht.