Rudolf Clausius na Jina la Entropia

Rudolf Clausius, mwanafizikia Mjerumani, alizaliwa tarehe 2 Januari 1822 mjini Köslin, katika ufalme wa Prussia. Alisoma Berlin, na baadaye akafundisha Zürich, Würzburg na Bonn.

Enzi za ujana wake, wataalamu wa Kijerumani waliita kani na nishati kwa neno moja, Kraft, kama vile neno nguvu linavyobeba maana zote mbili katika Kiswahili cha kila siku.

Clausius alishughulikia jambo linalojulikana na kila mpishi: joto haliendi lenyewe kutoka kitu baridi kwenda kitu cha moto. Mwaka 1854 alipata kiasi cha kupimia mwelekeo huo, yaani joto lililohama likigawanywa kwa halijoto inayohesabiwa kuanzia sifuri kamili. Kwa miaka kumi na moja kiasi hicho kiliitwa kwa maelezo marefu. Mwaka 1865 alikiita entropia, kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya mageuzo. Alikusudia jina lifanane na lile la nishati katika lugha za Ulaya, kwa kuwa aliviona viasi hivyo viwili kuwa na ujamaa. Alitumia lugha ya kale ili mataifa yote yalipokee jina hilo bila kulitafsiri.

Hata hivyo, kupokea jina si kukubaliana maana. Mwaka 1868 Peter Guthrie Tait wa Uskoti alilitumia kinyume chake, kwa nishati ambayo bado inaweza kufanya kazi. James Clerk Maxwell alimfuata katika kitabu chake cha 1871 kuhusu joto. Hivyo, kwa Clausius entropia iliongezeka, na kwa Maxwell ilipungua. Mwaka 1873 Josiah Willard Gibbs wa Marekani alionyesha hitilafu hiyo, naye Maxwell akairekebisha katika matoleo yaliyofuata.

Katika vita vya Prussia na Ufaransa vya 1870, Clausius aliongoza wanafunzi waliohudumia majeruhi, akajeruhiwa goti. Alifariki Bonn tarehe 24 Agosti 1888. Leo entropia ina fasili zaidi ya moja katika vitabu vya fizikia, na Kiswahili kimelipokea jina hilo kama alivyotaka, bila kulitafsiri.