Charles Lindbergh Avuka Atlantiki

Charles Lindbergh alizaliwa mjini Detroit, Marekani, tarehe 4 Februari, 1902. Alianza kujifunza urubani mwaka 1922, na mwaka 1926 akawa anachukua barua kwa ndege kati ya St. Louis na Chicago. Mara mbili katika mwaka huo alipotea usiku, petroli ikamwishia angani, akajitupa kwa mwavuli.

Siku zile mwenye hoteli mmoja, Raymond Orteig, alikuwa ameahidi dola 25,000 kwa rubani atakayeruka kati ya New York na Paris bila kutua. Watu kadhaa walikwisha kufa kwa ajili ya safari hiyo. Lindbergh aliondoka New York asubuhi ya tarehe 20 Mei, 1927, peke yake, hana redio, katika ndege ya injini moja iliyochukua galani 450 hivi za petroli.

Wengi husifu ushujaa wake. Mimi nastaajabia zaidi jinsi alivyochagua kimo cha kuruka. Mwanzoni ndege ilikuwa nzito mno, na kuipandisha sana kungalikula petroli nyingi. Basi akaenda chini chini. Usiku mawingu yakamfunikia bahari, akapanda mpaka futi 10,000 apate kuziona nyota. Huko akaingia katika wingu kubwa la tufani, na mara barafu ikaanza kuganda juu ya ndege. Barafu huongeza uzito na kuharibu umbo la mabawa, hata ndege ikashindwa kuelea. Hakushindana nayo. Aligeuza, akatoka, kisha akayazunguka mawingu, ingawa njia ilikuwa ndefu zaidi.

Baada ya mapambazuko alishuka, pengine akawa futi 10 tu juu ya mawimbi! Karibu na maji hivyo, hewa iliyo chini ya mabawa husaidia kuibeba ndege, na injini hupata nafuu. Tena kwa kuyatazama mawimbi na povu lake aliweza kujua upepo unatoka wapi, asije akasukumwa nje ya njia.

Alitua Paris usiku wa tarehe 21 Mei, baada ya saa 33 na nusu, wala hakuwa amelala. Tuzo ikawa yake. Matangi yalipopimwa, zilikuwamo bado galani 85.

Alifariki katika kisiwa cha Maui, Hawaii, tarehe 26 Agosti, 1974.