Harvey Cushing: Mpasuaji aliyeipa meninjioma jina

MWANZONI mwa karne ya 20, mgonjwa aliyefunguliwa fuvu ili atolewe uvimbe ubongoni alikuwa na matumaini finyu ya kurejea nyumbani akiwa hai. Miongoni mwa waliobadilisha hali hiyo, hakuna anayetajwa kuliko Mmarekani Harvey Cushing.

Cushing alizaliwa Aprili 8, 1869 mjini Cleveland, jimbo la Ohio, akiwa kitindamimba katika familia ya watoto kumi. Baada ya masomo ya Yale na Harvard, alinolewa na mpasuaji William Halsted katika Hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore. Huko alifunzwa kupasua taratibu na kuchunga kila tone la damu.

Maadui wake wakuu walikuwa wawili: kuvuja kwa damu na kufura kwa ubongo. Dhidi ya damu, alibuni vibanio vidogo vya fedha vya kuziba mishipa, na mwaka wa 1926 akaanza kutumia kifaa cha umeme cha mwanasayansi William Bovie. Ubongo ulipofura, alikuwa akiondoa kipande cha mfupa penye panja ili upate nafasi ya kupumua.

Mwaka wa 1910 alimpasua Jenerali Leonard Wood, aliyekuwa akisumbuliwa na kifafa. Kazi hiyo aliigawa mara mbili, siku chache zikipita kati ya upasuaji wa kwanza na wa pili. Wood alipona, akaongoza jeshi la Marekani, akawania tiketi ya urais mwaka wa 1920, kisha akawa gavana wa Ufilipino.

Uvimbe wa aina hiyo, unaoota kwenye tando zinazofunika ubongo, ndio Cushing alioupa jina la meninjioma mwaka wa 1922. Aghalabu si saratani na hukua polepole, lakini masalia yake yanaweza kuchipuka upya. Ndivyo ilivyokuwa kwa Wood. Agosti 1927 alilazwa tena mbele ya Cushing, safari hii jijini Boston. Saa chache baada ya upasuaji, damu ilivuja ubongoni naye akafariki. Kifo hicho kilimuuma sana Cushing.

Mwaka wa 1932 alieleza maradhi yanayobeba jina lake hadi leo, ambayo hutokana na wingi wa homoni ya kotisoli mwilini. Ajabu ni kwamba dawa za jamii ya homoni iyo hiyo, zilizoanza kutumika miaka ya 1960, ndizo hupunguza kufura kwa ubongo unaouzunguka uvimbe, na wagonjwa wengi hupewa kabla ya kupasuliwa. Cushing hakuziona.

Alifariki Oktoba 7, 1939 mjini New Haven, mwaka mmoja baada ya kuchapisha kitabu kikubwa kuhusu meninjioma pamoja na Dkt Louise Eisenhardt. Maiti yake ilipochunguzwa, ndani ya ubongo wake mwenyewe kulipatikana uvimbe mdogo.