Tippu Tip: Nasaba ilipogeuka mtaji Tabora

MFUGAJI anayenunua mtamba wa maziwa huuliza kwanza baba yake alikuwa dume gani na mama yake alikuwa akitoa lita ngapi kwa siku. Wenye farasi wa mbio huko Uingereza walilifikisha jambo hilo mbali zaidi: tangu 1791 wana daftari la nasaba, na farasi asiyekuwa na wazazi walioandikwa humo hana bei sokoni hata akikimbia kama upepo. Anayenunua mwanafarasi wa mwaka mmoja hanunui mbio, kwani mbio bado hazijaonekana. Ananunua ukoo.

Wakopeshaji wa Unguja wa katikati ya karne ya 19 walikuwa na hesabu ya namna hiyo hiyo, ila wao walikuwa wakipima watu. Na mtu ambaye hesabu hiyo ilimfikisha mbali kuliko wote alikuwa Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyejulikana kutoka pwani hadi mto Kongo kwa jina la Tippu Tip. Wengi wanamfahamu kama mfanyabiashara mkubwa wa pembe za ndovu na watumwa. Inayosahaulika ni sehemu ya kwanza ya maisha yake, ambayo kwa kiasi kikubwa inapita Tabora.

Alizaliwa Unguja takriban mwaka 1837. Mama yake, binti wa Habib bin Bushir, alitoka katika ukoo wa Kiarabu wa Muscat wenye heshima kubwa. Upande wa baba ulikuwa na mchanganyiko zaidi, na ndio uliobeba biashara. Babu wa baba yake, Rajab bin Muhammed, alimwoa binti wa Juma bin Muhammed el Nebhani, bwana wa ukoo mkubwa wa Muscat. Mama wa binti huyo alikuwa mwanamke wa Kiafrika wa Mbwamaji, kijiji cha pwani kusini ya Dar es Salaam ya leo. Katika ndoa hiyo alizaliwa Juma bin Rajab, na Juma akamzaa Muhammed, baba yake Hamed. Juma na Muhammed walikuwa miongoni mwa watu wa pwani wa mwanzo kupeleka misafara bara. Kwa hiyo kijana huyu alirithi jina la Muscat kwa mama, damu ya Mrima kwa baba, na juu ya hayo ujuzi wa njia ya bara wa vizazi viwili kabla yake.

Nasaba haikuishia hapo. Muhammed bin Juma alipofanya makao Unyanyembe alimwoa Karunde, binti wa Ntemi Fundikira. Karunde hakuwa mama mzazi wa Hamed, bali mama wa kambo, lakini kibiashara tofauti hiyo haikuwa na uzito mkubwa. Mkwe wa ntemi hakuwa mgeni tena. Alipata ardhi, alipata watu, na neno lake lilisikika barazani. Makao yake yalikuwa Ituru, nje kidogo ya Tabora.

Kwa nini Tabora? Jibu liko kwenye ramani na kwenye mashamba. Hapo njia kuu kutoka Bagamoyo iligawanyika: moja ikaenda magharibi hadi Ujiji na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda, ya tatu kusini kuelekea Ufipa na nchi za shaba. Msafara uliotembea kilomita 800 hivi kutoka pwani, kwa muda wa miezi kama mitatu, ulihitaji kupumzika na kula. Unyanyembe ilikuwa na chakula. Wenyeji walilima mtama na mahindi, na Waarabu waliojenga matembe yao pale Kazeh na Kwihara wakaongeza mpunga, ngano, vitunguu na miembe. Burton na Speke walipofika Kazeh Novemba 1857 walikuta mji wa wafanyabiashara wenye bustani na maghala. Kwihara ndiko Livingstone na Stanley walikokaa pamoja mwaka 1872, na tembe hilo ni makumbusho leo.

Mtaji mwingine wa Tabora ulikuwa mabega ya watu. Mbung'o waliua farasi na ng'ombe waliopitishwa katika mapori ya njiani, na punda walidumu kwa taabu. Kila kilichopita njia ile kilibebwa na mpagazi, mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kilo 32. Wanyamwezi walikuwa wamezoea kwenda pwani tangu kabla Waarabu hawajapanda bara, na walipagaa kwa ujira. Walikuwa pia wakulima. Mvua zilipokaribia, mtu alitaka awe shambani kwake, na mwenye msafara asiyeijua kalenda ya kilimo alijikuta na marundo ya merekani na shanga bila mtu wa kuyabeba. Muhammed bin Juma, akiwa mkwe wa ntemi, hakulala njaa ya wapagazi kama wengine.

Hamed alianza biashara akiwa na miaka 12, akienda safari fupi za pwani na wajomba zake kununua sandarusi, ule utomvu uliochimbwa ardhini na kuuzwa nje kwa ajili ya vanishi. Ilikuwa shule ya bei rahisi: mizigo midogo, njia fupi, hasara inayovumilika. Alipofika miaka 18, takriban 1855, baba yake aliteremka pwani akamchukua hadi Tabora.

Hapo ukatokea mgogoro wa kifamilia wenye sura ya kibiashara. Baba alitaka kupeleka bidhaa Ujiji na kwingineko, na akafikiria kuziweka chini ya mtu mwingine mzoefu, mwanawe akiwa msaidizi tu. Kijana alikataa. Ama akabidhiwe mali ya baba yake mwenyewe, ama arudi pwani. Baba akakubali. Kumpa kijana wa miaka 18 asiyejua njia mali ya kutembea nayo miezi na miezi ulikuwa uamuzi wa hatari, na mzazi mwenye akili timamu angeweza kuukataa bila kulaumiwa.

Ujiji wakakuta pembe ni ghali. Wakavuka ziwa hadi Urua, katika Kongo ya leo. Huko, kwa masimulizi yake mwenyewe, pembe kubwa zilikuwa na bei ya juu na ndogo zilikuwa rahisi. Wenzake wakakimbilia kubwa, kwa kuwa kila mtu alijua pembe kubwa ndiyo inayotakiwa pwani. Yeye akanunua ndogo, na akapata faida nzuri. Hesabu hiyo anaweza kuifuata mkulima yeyote wa pamba au tumbaku: kinachompa mtu riziki si bei ya sokoni peke yake, ni pengo lililopo kati ya bei ya kununulia na bei ya kuuzia baada ya kutoa gharama ya kubeba. Wenzake waliangalia ncha moja ya njia. Yeye aliangalia zote mbili.

Faida ya safari moja, hata hivyo, haikutosha kujenga msafara wake mwenyewe. Ilibidi akope, na kukopa Unguja kulikuwa na kanuni zake. Mfanyabiashara, mara nyingi Mhindi, alitoa nguo, shanga, waya na baruti kwa mkopo, akizipandisha bei kufidia hatari, na alilipwa kwa pembe miaka miwili au mitatu baadaye, pengine zaidi. Mkopaji akishapita Ugogo hapakuwa na mahakama wala askari wa kumfuata. Angeweza kufa kwa ndui, kuporwa, au kuamua tu kutorudi. Dhamana pekee iliyobaki pwani ilikuwa jamaa zake: mama, ndugu, nyumba, jina ambalo watu walijua linatoka wapi. Ndiyo maana nasaba ilikuwa na thamani ya fedha. Hata hivyo mwanzoni Hamed hakupewa mkopo mkubwa na mtu mmoja. Alikusanya kidogo kidogo kwa wakopeshaji wengi, kila mmoja akihatarisha kiasi ambacho kingepotea bila kumfilisi.

Wakati huo huo mambo ya Tabora yaliharibika. Fundikira alifariki mwishoni mwa miaka ya 1850, na mrithi wake, Mnywa Sere, akaanza kudai ushuru kwa wafanyabiashara wa Kiarabu. Kwa macho ya leo dai hilo ni la kawaida kabisa. Biashara ilipita katika nchi yake, ikala chakula chake na kuajiri watu wake. Waarabu walilikataa, vita vikazuka takriban mwaka 1860, Mnywa Sere akafukuzwa na Mkasiwa akawekwa badala yake. Mnywa Sere aliendelea kupigana porini, akizuia njia na kupandisha bei ya kila kitu, hadi alipouawa mwaka 1865. Waliolipa zaidi hawakuwa wafanyabiashara. Walikuwa wanakijiji ambao ghala zao zilichomwa na pande zote mbili.

Hamed akaelekea kusini, kupitia Ufipa, hadi kwa Nsama wa Itabwa, mtawala aliyeogopwa na misafara yote. Mwaka 1867 walipigana. Bunduki zilishinda, na pembe zilizotekwa, kwa hesabu yake mwenyewe, zilikuwa frasila 1,950, yaani kama tani 30. Mwaka huo huo alikutana na Livingstone, akamsaidia njiani. Jina la Tippu Tip, wengine husema, ni mlio wa bunduki zake. Wengine husema ni kupepesa kwa macho yake. Kwa wakopeshaji wa Unguja maana haikuwa na haja. Taria Topan, tajiri wa Kiismailia ambaye baadaye alikodi forodha ya Unguja, sasa alikuwa tayari kumkopesha peke yake, na mwaka 1870 Hamed akaondoka kwa safari iliyochukua miaka 12.

Katika safari hiyo nasaba ilifanya kazi ya ajabu kuliko zote, na mara hii ilikuwa ya kughushi. Akiwa magharibi ya mto Lualaba alisikia kwa mateka kwamba mtawala wa Utetera, mzee Kasongo Rushie, zamani alitekwa dada zake wawili na hawakuonekana tena. Hamed alijifunza majina na habari zote, kisha akafika Utetera na kusema kwamba mmoja wa wanawake hao alinunuliwa na babu yake, Habib bin Bushir, akamzaa mama yake. Yeye basi alikuwa mjukuu wa dada wa mtawala. Mzee hakuwa na daftari la kuangalia. Alikuwa na huzuni ya miaka mingi na mgeni aliyejua majina. Akampokea kama damu yake na kumwachia utawala.

Faida yake ni rahisi kuieleza. Kwa desturi ya nchi, pembe zilipelekwa kwa mtawala. Wafanyabiashara wengine walinunua kwa shanga na nguo. Tippu Tip aliletewa. Gharama ya kununulia ilishuka karibu na sifuri, na kilichobaki ilikuwa gharama ya kubeba. Gharama hiyo aliipunguza kwa njia ambayo haiwezi kupambwa: wengi waliobeba pembe hizo kutoka Manyema walikuwa mateka, na wengi waliofika Tabora na pwani hawakurudi makwao. Wapagazi wa Kinyamwezi walilipwa ujira. Hawa walikuwa bidhaa pamoja na mizigo yao. Huko mwisho wa njia, pembe ziligeuzwa vibao vya piano na mipira ya biliadi huko Ulaya na Marekani, na wanunuzi wake hawakuuliza nasaba ya kitu chochote.

Cameron alimkuta katika nchi hizo mwaka 1874, Stanley mwaka 1876, na wote wawili walihitaji msaada wake ili waendelee. Alirudi Unguja mwaka 1882 akiwa tajiri mkubwa, akamlipa Taria Topan. Mwaka 1887 alikubali kuwa gavana wa maporomoko ya Stanley kwa niaba ya Mfalme Leopold, na miaka michache baadaye Wabelgiji walivunja himaya yote waliyoijenga wenzake na jamaa zake huko Manyema. Yeye alikuwa ameshaondoka. Alimalizia maisha yake Unguja akiwa na mashamba, na alifariki Juni 1905. Nyumba yake ipo Shangani, Mji Mkongwe.

Kabla ya kufa aliandika maisha yake kwa Kiswahili, na Mjerumani Heinrich Brode akayachapisha mwanzoni mwa karne ya 20. Mambo ya pembe ndogo za Urua yamo, ugomvi na baba yake Tabora umo, na habari ya bibi wa Utetera imo pia, imeelezwa waziwazi jinsi alivyoitunga, pamoja na idadi ya pembe alizoletewa baada yake.