Maisha ya Bibi Mary Lyon na Shule Yake ya Wasichana

Walimu wetu wengi walezi wa wasichana katika shule za bweni hawajapata kulisikia jina la Bibi Mary Lyon. Wanajua zamu za jikoni, kengele ya alfajiri na matembezi ya pamoja, lakini hawajui ya kuwa yuko mwanamke mmoja wa Marekani aliyeyajenga maisha ya shule nzima juu ya mambo hayo, akayafanya yawe njia ya kuwaingizia elimu binti za watu maskini. Habari zake ndizo hizi.

Alizaliwa tarehe 28 Februari mwaka wa 1797 katika shamba la milimani mahali paitwapo Buckland, upande wa magharibi wa nchi ya Massachusetts. Wazazi wake walikuwa wakulima. Baba yake alifariki mwaka wa 1802, naye Mary alikuwa na umri wa miaka mitano tu. Mama akabaki na shamba na watoto. Mary alipokuwa na miaka 13 mama yake aliolewa tena akahamia kijiji kingine, na Mary akaachwa kumtunzia kaka yake nyumba. Akaoka mikate, akasokota nyuzi, akafuma nguo, akafua. Na kaka yake akamlipa dola moja kila juma. Kazi hizi za nyumbani msomaji asizisahau, maana tutakutana nazo tena.

Mwaka wa 1814 alianza kufundisha watoto huko Shelburne Falls kwa mshahara wa senti 75 kwa juma, akilala kwa zamu katika nyumba za wazazi wa wanafunzi, kama ilivyokuwa desturi ya siku zile. Lakini kiu ya kujifunza haikumwacha. Mwaka wa 1817 akaingia shule ya Ashfield, akatoa matandiko aliyoyafuma kwa mikono yake kuwa malipo ya chakula na malazi. Huko aliwashangaza watu kwa kuikariri sarufi ya Kilatini kwa siku chache tu. Mwaka wa 1821 akaenda Byfield kwa Kasisi Joseph Emerson, mtu aliyewafundisha wanawake kama watu wenye akili timamu, jambo ambalo wengi wa zama zile hawakulikubali. Baadaye akashirikiana na rafiki yake Bibi Zilpah Grant kufundisha wasichana, kwanza Derry, kisha Ipswich.

Shule ya Ipswich ilikuwa njema na yenye sifa. Alakini ilikuwa na kasoro mbili zilizomsumbua sana Bibi Lyon. Ya kwanza, haikuwa na mali yake yenyewe wala nyumba yake yenyewe. Ilitegemea afya ya wakuu wake, na Bibi Grant alipougua shule nzima ilitikisika. Ya pili, karo yake ilikuwa kubwa, binti wa mkulima hakuiweza. Vijana wa kiume walikuwa na vyuo vyenye majengo na fedha za kudumu. Wasichana hawakuwa na kitu cha namna hiyo. Basi mwaka wa 1834 akaiacha Ipswich, akashika njia kutafuta fedha za shule itakayodumu hata baada ya kufa kwake.

Alikwenda kijiji kwa kijiji kwa magari ya farasi, mkononi ana mfuko wa mahameli ya kijani. Walianza wanawake wa Ipswich, wakatoa karibu dola 1,000. Watu walinung'unika, tena hata watu wa kanisa, kwamba si heshima mwanamke kusafiri peke yake na kuomba fedha hadharani; yeye hakujali. Wako waliotoa dola 1,000 mtu mmoja, na wako waliotoa senti sita, na zote ziliandikwa. Wanawake wa vijijini aliwaomba vitanda, mashuka na mablanketi. Ilipofika mwaka wa 1837 biashara ilianguka Marekani yote, mabenki yakafunga, na wengine walioahidi hawakuweza kulipa. Hata hivyo kuta zilikuwa zimekwisha kupanda katika kijiji cha South Hadley, maana jiwe la msingi liliwekwa mwezi wa Oktoba 1836.

Shule ilifunguliwa tarehe 8 Novemba 1837, ikaitwa Mount Holyoke kwa jina la mlima ulio karibu. Wasichana wapatao 80 walifika wakakuta nyundo bado zinalia. Wajumbe wa baraza la shule walikuwa wamepiga magoti wakitandika mikeka sakafuni, wake zao wako jikoni. Msichana aliyefika mapema alipewa sindano akashone matandiko atakayoyalalia usiku ule.

Karo ilikuwa dola 60 kwa mwaka, chakula na malazi vikiwamo. Ni kama theluthi ya gharama ya Ipswich. Iliwezekanaje? Hapakuwa na watumishi. Kila msichana, wa tajiri na wa maskini, alifanya kazi ya nyumba yapata saa moja kila siku. Waligawanywa makundi, na kila kundi lina mkubwa wake: hawa wa kukanda na kuoka mikate, hawa wa vyombo, hawa wa kufagia, hawa wa kufua na kupiga pasi. Bibi Lyon mwenyewe alishika unga, na mshahara wake ulikuwa dola 200 kwa mwaka, akatoa sehemu kubwa kwa kazi ya injili.

Watu wa nje walicheka. Walisema wazazi wanalipa fedha ili binti zao wafundishwe kuosha masufuria. Nami nimewasikia wazazi wa kwetu wakinena maneno hayo hayo juu ya shule zetu. Lakini Bibi Lyon hakuwa na nia ya kufundisha upishi. Kazi hiyo aliihesabu kuwa ya mama nyumbani. Kazi za mikono zilipunguza gharama, na tena ziliwafanya watu 80, na baadaye mamia, wawe jamaa moja. Darasani hapakuwa na mchezo. Walisoma hesabu, falsafa na elimu ya mimea, na kemia aliifundisha yeye mwenyewe kwa kuonyesha majaribio mbele yao. Asiyeshinda mtihani wa kuingia hakuingia.

Kila siku ilikuwa sharti kutembea maili moja nje. Na katika majira ya joto, ambayo kule huja katikati ya mwaka baada ya baridi kali, ilikuwako siku moja iliyopendwa kupita zote: masomo yaliachwa, na shule nzima ikatoka kwenda kuupanda mlima. Desturi hii ilianza mwaka wa 1838. Kutoka juu ya Holyoke huonekana bonde lote na mto Connecticut uliopinda kama kwato ya ng'ombe. Mwaka wa 1840 mto ulikata shingo ya pindo lile ukajitengenezea njia mpya. Fikirini wasichana wa mashambani, waliokuwa wakioka mikate tangu alfajiri, wamesimama juu ya mlima wakiitazama nchi yao yote. Muhula wa joto ulikwisha mwezi wa Agosti kwa mitihani mbele ya wageni.

Muhula kama huo ndio uliomletea Bibi Lyon msiba mkubwa. Kiangazi cha mwaka wa 1840 homa ya matumbo iliingia shuleni. Wasichana wapatao 40 waliugua, na tisa walikufa. Wako waliodhani shule itafungwa. Haikufungwa.

Si kila jambo la shule ile linalonipendeza. Wasichana walitakiwa kusimama mbele ya wenzao na kuyataja wenyewe makosa yao ya kuvunja kanuni. Tena waligawanywa kwa hali ya imani: waliokwisha kumkiri Kristo, wenye tumaini, na wasio na tumaini. Mwaka wa 1847 aliingia binti mmoja kutoka Amherst, jina lake Emily Dickinson, ambaye baadaye alikuwa mmoja wa washairi wakuu wa Marekani. Zamu yake ya kazi ilikuwa visu: kuviondoa mezani asubuhi na mchana, na jioni kuviosha na kuvifuta. Alikaa mwaka mmoja katika kundi la wasio na tumaini, akarudi kwao mwaka wa 1848, wala hakuja tena. Mwalimu aweza kuhesabu visu vya mezani. Imani ya mtoto haihesabiki hivyo, na katika hili nadhani Bibi Lyon, pamoja na upendo wake wote, alikaza mno.

Lakini yale aliyowataka wengine watoe, yeye naye aliyatoa. Mwaka wa 1843 alitakiwa mwalimu wa kwenda Urmia, nchi ya Uajemi, kufungua shule ya wasichana. Yapata 40 walijitoa. Akachaguliwa Fidelia Fiske, mmoja wa walimu wake hodari, ambaye mama yake hakuwa tayari kumwacha. Bibi Lyon akapanda pamoja naye gari la theluji, wakaenda maili 30 katika baridi ya Februari, wakafika usiku na kumwamsha mama. Mama akakubali. Bibi Fiske alifanya kazi Uajemi mpaka mwaka wa 1858.

Mwezi wa Februari 1849 msichana mmoja alipatwa na ugonjwa wa ngozi wenye homa kali uambukizao, na shule ikashikwa na hofu. Bibi Lyon mwenyewe hakuwa mzima, kichwa kilimwuma, lakini alikwenda kumwona yule mgonjwa aliyekuwa akifa, na akawakusanya wengine kuwatuliza wasiogope mauti. Baada ya siku chache ugonjwa ule ule ulimshika. Akafariki tarehe 5 Machi 1849, umri wake miaka 52, akazikwa ndani ya kiwanja cha shule.

Shule haikufa pamoja naye. Huko Afrika ya Kusini Kasisi Andrew Murray alisoma habari za maisha yake akaandika kuomba walimu. Wakaja Bibi Abbie Ferguson na Bibi Anna Bliss, wakafungua shule ya Wellington mwaka wa 1874, lakini kwa binti za Wazungu wa huko. Na Mount Holyoke yenyewe ilikawia katika jambo hilo: binti wa kwanza wa asili ya Kiafrika kumaliza masomo ni Hortense Parker, mwaka wa 1883, miaka 34 baada ya kifo cha Bibi Lyon. Baba yake alizaliwa mtumwa, akajinunulia uhuru wake, akawavusha watumwa wengi waliokimbia.

Jengo la kwanza liliteketea kwa moto mwezi wa Septemba 1896, yakajengwa mengine. Zamu za kazi za nyumba zilikomeshwa mwaka wa 1914. Siku ya mlima ingaliko, ila siku hizi huwa baada ya kiangazi, na hakuna mwanafunzi ajuaye tarehe yake mpaka asikiapo kengele asubuhi. Na mwezi wa Mei, siku moja kabla ya kupewa shahada, wanaohitimu huvaa nguo nyeupe, wakachukua mabegani mnyororo mrefu wa majani mabichi, wakaandamana mpaka kaburini kwa Bibi Lyon na kuuzungusha kwenye uzio wa chuma.